Tembe za Susu

Kambu,
Jumatano jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kabla ya yote nakusalimu, wewe na nyumba yote, na hata kama umesimama mlangoni na barua hii mkononi zipokee hivyo hivyo ulivyosimama. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha vumbi la barabara kimeisha. Mguu wako je, pale mwiba ulipoingia? Musyoka anaenda shule kweli, ama anatoka na begi halafu anapotelea kichakani na manati? Na yule mbuzi mweusi, alizaa salama? Nauliza mengi kwa sababu kwenye simu siulizi kitu. Unajua simu yako inasikika tu ikiwekwa spika, na nikisikia Baba Mkubwa akikohoa kwa nyuma maneno yangu yote yanarudi tumboni.

Ndiyo maana nimeandika. Barua nitampa Mama Nduku wa kanisani, anayekuja huko Mutomo kumwona dada yake. Nitaifunga kwa gundi, niandike jina langu juu ya mshono. Ukikuta herufi zimekatika ujue imefunguliwa. Si kwamba namshuku Mama Nduku. Ama basi namshuku kidogo. Siku hizi nashuku kila mtu, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Tafadhali isome peke yako, na uimalize. Usiishie katikati kwa hasira, kwa sababu katikati kuna kitu kitakuuma.

Mwanzoni mwa wiki iliyopita nilimsikia Anti Kalekye akiongea na Baba aliye Mombasa. Alikuwa nje akifunga vitunguu kwenye neti za kuuzia watu wa mabasi, na simu ameishikilia kwa bega. Alisema, "Mimi dada yako nakuambia, mama alitoka pale akiwa nusu mtu. Chakula ni cha mkono gani? Si cha bibi yako?" Halafu akasikiliza. Halafu akasema Jumamosi hii Baba anakuja, wanakaa kikao na Baba Mkubwa hapo nyumbani, na kama huna jibu utarudi kwa watu wenu Ikutha na Musyoka atabaki. Sijui kama wamekuambia. Ninavyowajua, watakuambia tu upike, wageni wanakuja.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku Anti alipomchukua Susu, nyanya yetu, kwako, akisema mbele ya majirani kwamba anamtoa mama yake kwenye sumu, mimi nilipanda gari nao na begi langu bila kukutetea. Na njiani nilianza kukufikiria mikono. Nilikumbuka ulivyokuwa unampakulia Susu kando, kwa kibakuli chake. Nilijiambia, mbona kando? Najua ni kwa sababu hana meno. Nilijua hata wakati ule. Lakini shaka ikishaingia haisikii unachojua.

Tulipofika hapa nilingoja Susu apone, ili nijue. Hakupona, alizidi. Mkono wa kulia unacheza hata akiwa amelala mchana, vidole vinazunguka kama mtu anayesokota ugoro. Anatembea kwa hatua fupi, na akifika mlangoni miguu inagoma kama punda. Uso umekuwa mgumu, ukimchekesha anacheka kwa sauti lakini mashavu hayasogei. Na mdomo unatafuna wakati hauna kitu. Mwenyewe anafanyia mzaha. Aliniambia, "Mumbua, mkono huu umealikwa ngoma, mimi sikualikwa."

Anti alisema sumu yako imeshaingia kwenye mfupa, itatoka pole pole. Lakini mimi nikaanza kuwaza vingine. Kama ni chakula chako, mbona anazidi akila cha huku? Basi nikamgeukia Anti. Ndiyo, Mwaitu, nilimshuku dada ya baba yangu, anayenilisha na kunipa kitanda. Nilikuwa naosha vyombo polepole ili nimwone akipika. Asubuhi moja niliingia jikoni kuchota maji, nikamkuta amenipa mgongo, anaponda kitu cheupe kwa kijiko. Akakimwaga kwenye uji wa Susu, akakoroga. Alipogeuka akaruka.

"Unanyemelea kama paka! Hujui hodi?"

"Hodi."

"Umeshaingia ndiyo unasema hodi?"

Sikumuuliza ni nini. Unanijua. Nikachukua ndoo nikatoka. Uji Susu aliumaliza. Mimi nilikaa nje nikimwangalia kifua kama kinapanda na kushuka.

Ile kazi niliyokuambia ya kutafsiri ndiyo iliyonifungua macho, na hata yenyewe niliishuku. Ni daktari wa kike kutoka chuo kikuu na wenzake. Wamekodi ukumbi nyuma ya kanisa, wanatafuta wazee wanaotetemeka, wajaribu dawa mpya ya ubongo. Kazi yangu ni kuwaeleza wazee kwa Kikamba dawa inafanya nini na kwamba mtu anaweza kukataa. Walinichukua kwa sababu ya alama zangu za Kiswahili na Kiingereza. Hawakujua sauti yangu ni ndogo, sasa wazee wote wananiambia, "Paza, msichana, ama unaongea na kuku?"

Watu hapa barabarani wanasema hawa wanapima ubongo ili wauze. Mama mmoja wa machungwa alinivuta pembeni akaniuliza wananilipa kwa kichwa ama kwa siku. Nilikasirika, lakini nilipofika ukumbini nikajikuta natazama kila boksi limeandikwa nini.

Kitu kilichonishinda kwanza ni kutafsiri dopamini. Ni kemikali ubongo unaitengeneza wenyewe, inapeleka habari kutoka chembe moja hadi nyingine, na bila hiyo mkono hauwezi kutulia wala mguu kuondoka vizuri. Inapofika lazima ipokewe, na pale inapopokewa panaitwa vipokezi. Kwa Kikamba sikupata neno. Nilisimama mbele ya wazee nikiwa nimetoa jasho mpaka daktari akaniokoa. Aliniambia niseme hivi: vipokezi ni viti vya hoteli. Dopamini ni mteja. Mteja akikaa kitini, weita anamwona, chakula kinatoka, kazi inaenda. Kwa huu ugonjwa wa kutetemeka wateja wamepungua. Dawa yao mpya inajaribu kuketi kwenye viti hivyo na kuagiza chakula badala ya mteja. Hapo wazee walielewa, maana hapa kila mtu ameuza ama amekula hotelini.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja Mzee Kimeu, anayechunga ng'ombe ng'ambo ya reli, ameletwa na mke wa kijana wake. Anatetemeka sawasawa na Susu. Daktari akamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Mimi nikatafsiri.

"Hakuna," mzee akasema.

Yule mkaza mwana akapiga kofi paja lake. "Muongo huyu! Toa ile kitu iko kwa kofia."

"Hiyo si dawa. Hiyo ni ya roho ikichafuka tu."

"Toa, baba."

Akavua kofia, akatoa karatasi ya kung'aa ya tembe, imekunjika, zimebaki mbili. Mwaitu, nilizitambua. Ni zile za Susu. Zile ndogo nyeupe za kuzuia kutapika, anazofunga kwenye pindo la leso, na hapo nikajua kile cheupe cha Anti jikoni ni nini.

Daktari akaishika, akaisoma nyuma. "Unameza hizi tangu lini?"

"Tangu nikiwa na mbuzi zangu mwenyewe."

"Nani alikuandikia?"

"Nani wa kuandika? Zikiisha naenda na karatasi, namwonyesha kijana wa dukani. Namwambia, kama hii. Ananipa kama hiyo."

Kama hii! Nani kwetu hajafanya hivyo? Jina la dawa hatuna shida nalo, sisi twaenda na ganda la tembe. Daktari wa hospitali anakupa za siku chache, wewe unaona zimekufaa, unaweka ganda, na siku ya soko ganda linakuwa ndiyo daktari.

Yule daktari akavuta kiti karibu na mzee. Akasema tembe hizi nazo zinaenda kwenye vile viti. Zikienda kwa viti vya upande wa kutapika, mtu anapata nafuu. Lakini zikimezwa kila siku kwa muda mrefu, hasa na mtu mzee, zinakalia pia viti vya upande wa kutembea na kushika. Na zenyewe zikikaa haziagizi kitu. Zinaketi tu. Mteja wa kweli anakuja, anakuta kiti kimejaa, anaondoka.

Mzee Kimeu akavaa kofia yake. "Basi hizo ni kama makanga wa mabasi. Wanakalia benchi la hoteli mchana wote na chai hawanunui."

Watu walicheka, hata daktari. Mimi sikucheka. Halafu akamwambia mzee kwamba hawezi kumwandika kwenye utafiti, kwa sababu kutetemeka kwake huenda si ule ugonjwa, huenda ni dawa. Akamwandikia aende hospitali wamwachishe tembe wakimwangalia. Nje watu walinung'unika, ati amekataliwa, wanachagua wenye ubongo mzuri. Lakini kwangu mimi shaka yangu juu ya yule daktari ililegea hapo. Kama angekuwa ananunua vichwa, si angechukua hicho?

Nilingoja mpaka viti vyote vikapangwa. Nilipanga hata vile vilivyokuwa vimepangwa.

"Sema tu, Mumbua," daktari akasema.

"Kuna mtu ninamjua anameza hizo."

"Mtu gani?"

"Ni mtu tu."

"Huyo mtu tu, anatafuna wakati hana kitu mdomoni?"

Nilishtuka. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba ametuma mtu kuchungulia kwetu. Kumbe anajua tu kazi yake. Nikamwambia yote, na sikuwa nimepanga kumwambia yote, hata habari yako na kikao. Hakushangaa. Alisema Susu aende hospitali haraka, na dawa zake zote kwa mfuko, na wao ndio waseme namna ya kuacha, mimi nisizitupe chooni kwa ushujaa. Nikamuuliza, akiacha atapona? Alisema wengi hupata nafuu, lakini ni polepole, na wengine mdomo unabaki hivyo. "Sitakuahidi," akasema. Natamani angenidanganya kidogo.

Kumwambia Anti ndiyo ilikuwa kazi. Nilimwambia akiwa anachambua ndengu, nikiwa nimeangalia sinia.

"Anti, ile unayosaga kwenye uji wa Susu."

"Imefanya nini?"

"Ni hiyo."

"Ni hiyo nini? Ongea kama mtu!"

Nikamweleza viti, na mteja, na makanga. Nikaona ananielewa, kwa sababu mikono yake iliacha ndengu. Halafu macho yakawaka. "Hizi mama alitoka nazo wapi? Si kwa mama yako? Alikuja nazo kwenye leso! Si nilisema! Si nilisema ni mkono wake!"

Hapa ndipo pa kukuuma, Mwaitu. Ni kweli. Zilitoka kwako. Hospitali walimpa za siku chache ile mara alipotapika sana, wewe ukaweka ganda, na kila siku ya soko ulikuwa unaenda nalo pale dukani unasema kama hii. Nilikuwa nawe. Nimewahi kulibeba hilo ganda mimi mwenyewe, nikifurahi kwamba sitalazimika kuongea, nitaonyesha tu.

Lakini Anti hakujibiwa na mimi. Aliyejibu ni Susu. Tulidhani amelala chumbani.

"Kalekye! Nani alimtuma?"

"Mama, pumzika."

"Nauliza nani alimtuma. Ni mimi. Nilimwambia mke wa mwanangu niletee ile ya roho, akaleta. Nikaja kwako, nikakuambia niletee ile ya roho, ukaleta. Ukaona siwezi kumeza, ukanisagia. Sasa mkimfukuza yule, wewe utafukuzwa na nani?"

Anti aliweka sinia chini, akajifunika uso kwa leso, akalia kama mtoto, na mimi nikasimama hapo nisijue mikono yangu niiweke wapi. Alikuwa anasema, "Ni mimi nilikuwa nampa zaidi. Kule alikuwa anameza asubuhi. Mimi nilimpa hadi jioni, nikidhani natoa sumu." Nilitamani kumshika bega. Sikumshika. Nimejuta tangu hapo.

Kesho yake alimpeleka hospitali mwenyewe, akafunga kibanda siku nzima. Daktari wa huko alisema maneno yale yale, akampangia namna ya kuziacha. Sasa hazimezi tena. Nikuambie ukweli, bado anatetemeka. Jana nilidhani mkono umetulia, nikakimbia kumwita Anti, tukamkuta Susu ameukalia.

Lakini Anti ameniomba kitu. Alinikuta nikianika nguo, akasema, "Jumamosi tuwaambie ni uzee. Habari ya tembe tuizike. Baba Mkubwa wako akijua ni mimi nilikuwa nasaga, nitaitwa mchawi mpaka watoto wangu waoe." Nilinyamaza. Na wewe unajua, kwangu mimi watu huchukua kunyamaza kuwa ndiyo. Alinishukuru, akanipa chungwa. Sijalila.

Mwaitu, sijui kama namwamini. Analia kweli, nimeona. Lakini uzee haukusafishi wewe. Baba Mkubwa atasema, mbona uzee ulianzia kwa sufuria yako? Na pengine Anti, akikaa katikati ya ndugu zake wanaume, ataogopa, na maneno ya zamani yatarudi mdomoni mwake yenyewe. Ndiyo maana nakuandikia bila ruhusa yake. Jua ukweli kabla hujaulizwa. Na ukishaujua, nakuomba, usimnyooshee Anti kidole, hata akianza yeye. Ukisema alikuwa anasaga, atasema ulikuwa unanunua, na nyote mtakuwa mmesema kweli, na wanaume watawafukuza nyote wawili na kwenda kunywa chai.

Tunakuja Jumamosi asubuhi, Susu, Anti na mimi. Wakiuliza nitasema. Nitawaeleza viti hata kama ni kwa sauti ya kuongea na kuku. Naogopa, lakini nitasema.

Msalimie Musyoka, mdogo wangu, mwambie nimemwekea kalamu mbili. Msalimie mama mchungaji aliyetuombea tulipoondoka, na jirani yetu anayekufungia mbuzi. Baba Mkubwa msalimie pia, ila usimwambie salamu zimekuja kwa karatasi.

Na Susu anakusalimu. Aliniona naandika akaniambia niweke maneno yake mwisho, ili usiyasahau. Anasema hao vijana wake wakikaa hawatasikia habari ya viti wala ya ubongo, watu hao wanasikia kwa macho. Kwa hiyo upike muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, uive mpaka ulegee, wa sufuria moja, usimpakulie kando. Atakula yeye wa kwanza, mbele yao, kabla mtu hajafungua mdomo kwa maombi wala kwa kesi. Kijiko atashika mwenyewe. Utamwagika kifuani, utamwagika chini, utachukua muda mrefu. Anasema usimsaidie. Ukae pale pale karibu naye, mikono yako iwe mapajani, waione, mpaka atakapomaliza.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Mumbua